Jinsi ya kupeleka wanafunzi Bagamoyo wakalala huko huko

Walimu wenzangu wa Dar, safari ya Bagamoyo ya kwenda na kurudi siku hiyo hiyo watoto wanaambulia foleni ya Tegeta na picha za simu basi. Mlale, hata usiku mmoja tu.

Uingereza hili walishaliona zamani, kule Suffolk kando ya mto Stour kuna Flatford Mill, kinu cha maji cha mwaka 1733 kilichokuwa kinasaga nafaka, 1946 kikafunguliwa kuwa kituo cha wanafunzi kulala na kusomea nje, yani mto wenyewe ndo darasa. Sisi tuna Kaole, jirani tu na Bagamoyo, kilomita kama 70 toka Dar, magofu ya misikiti na makaburi yenye nguzo za mawe, na bahari iko hapo hapo.

Cha kwanza kabisa, kabla hata hujauliza bei ya Coaster, angalia mwezi. Nendeni wakati wa bamvua, yani maji yanapojaa na kukupwa sana, mwezi mwandamo au mpevu, maana pwani yetu siku hizo maji yanakupwa kama saa nne saa tano asubuhi na kujaa kama saa kumi jioni, kwahiyo mnapata mchana mzima wa kuyafuatilia. Hakikisha saa zenyewe kwenye jedwali la maji la bandari. Mkienda maji mafu, mwezi ukiwa nusu, hamtaona tofauti kubwa, na masika msijaribu.

Kazi yenyewe ni rahisi na watoto wanaipenda sana, maji yakishakupwa kila kundi linachomeka kijiti pale maji yalipoishia, baada ya nusu saa kingine, halafu kingine, wanapima umbali kwa futi kamba na kuandika saa na vipimo. Mwalimu mmoja asimame upande wa baharini muda wote, hakuna kuogelea, maji yakianza kujaa ufukwe tambarare yanakuja haraka kuliko mtoto anavyodhani. Ndo hapo uwaulize kwa nini Kaole ilikufa, maana ilikuwa bandari, tope na mchanga vikajaa, mikoko ikaota, vyombo vikashindwa kufika na biashara ikahamia Bagamoyo. Mtoto aliyezama tope mpaka magotini hahitaji kukaririshwa jibu.

Kwenye magofu wape muda, waangalie ukuta kwa karibu, lile jiwe ni matumbawe, ukilitazama vizuri unaona vitundu na michirizi ya viumbe wa baharini, wachore kwenye daftari ila wasiguse wala kupanda juu ya makaburi. Siku ya pili nendeni Bagamoyo mjini, kwenye misheni ya Wakatoliki iliyoanzishwa 1868, ndiko mwili wa Livingstone ulikofikishwa 1874 kabla ya kuvushwa Zanzibar, na Boma la Wajerumani pia.

Usiku baada ya kula kila kundi liweke vipimo vyake ubaoni wabishane, huo ubishi ndo sababu ya kulala, mkirudi Dar jioni haupo.

Vibali anzeni mapema, barua ipitie kwa afisa elimu, fomu ya ridhaa ya kila mzazi, gari iwe na kibali cha kukodi toka LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini. Malazi nenda kayaone mwenyewe, fungua bomba, jaribu komeo za vyoo, hesabu neti, wasichana na wavulana walale majengo tofauti na matroni awepo usiku kucha. Dawa za pumu na za mzio zikae kwa mwalimu zikiwa na majina.

Na hela jamani, tangazeni mchango mwanzoni mwa muhula ili mzazi alipe kidogo kidogo, na bajeti muipige ikiwa na nafasi kadhaa za watoto wasioweza kulipa, majina yao abaki nayo mwalimu wa darasa peke yake, yasisomwe mstarini.