Ukifundisha darasa la ubatizo kando ya ziwa, anzia kwa Wayahudi

Huku Igombe, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, mtoto hajajua kusoma ila kuogelea anajua, kwa hiyo ukiwaambia wanafunzi wa ubatizo kwamba maji yanaosha, wanakutazama tu. Maji wanayo. Wanachokosa ni kujua Yohana Mbatizaji alipata wapi habari ya kuzamisha watu mtoni. Waonyeshe Yohana 1:25: waliotumwa kumhoji hawakuuliza ubatizo ni kitu gani. Waliuliza kwa nini yeye anabatiza, ikiwa si Kristo wala Eliya. Jambo lenyewe walikuwa wamelizoea.

Ndiyo maana mimi somo la kwanza sifungui Mathayo 3. Nafungua Walawi 15, halafu Hesabu 19.

Soma nao polepole. Wataona kuoga kulikoamriwa humo hakukuhusu jasho wala vumbi, na mara nyingi hakukuhusu dhambi. Aliyegusa maiti alikuwa najisi, hata kama maiti ni ya baba yake na amemzika kwa heshima zote. Hapo tulia, usikimbie. Usipotenganisha unajisi na dhambi, akina mama darasani watahisi wanasemwa kwa sababu ya siku zao, na hutawapata tena.

Kisha eleza bwawa la kuogea huko, ambalo Wayahudi huliita mikve. Linatakiwa liwe na maji ya kipimo cha seah 40, yaani mamia ya lita, kiasi cha mtu kuzama mwili wote. Maji yawe ya mvua au chemchemi, yaingie yenyewe, yasiwe ya kuteka. Hakosekani kijana wa kuuliza, "Mwalimu, na simtanki?" Hapana, maji yaliyokaa kwenye chombo hayahesabiwi. Bahari inahesabiwa.

Chora ngazi ubaoni. Mabwawa ya namna hii yamechimbuliwa Qumran, Masada, na mengi Yerusalemu, upande wa kusini wa mlima wa Hekalu. Baadhi ya ngazi zina kijiukuta katikati, na wachimbuzi wengi wanaona kilitenga njia ya kushukia ukiwa najisi na ya kupandia ukiwa safi. Baada ya hapo soma Matendo 2:41. Watu kama elfu tatu wanabatizwa siku moja, katika mji usio na mto! Wanafunzi wenyewe watarudi kwenye mchoro wako bila kuambiwa.

Usiwaache wakadhani mikve na ubatizo ni kitu kilekile, lakini. Myahudi anarudi kwenye mikve kila inapobidi, na anajizamisha mwenyewe. Shahidi kazi yake ni kuangalia kama amezama kweli. Yohana alibatiza watu kwa mkono wake, kwa ajili ya toba. Sisi tunabatizwa na mwingine, mara moja, katika jina. Anayekaribia zaidi ubatizo wetu ni mtu wa mataifa anayeongokea Uyahudi: naye hupita majini ndipo ahesabiwe wa ukoo mpya.

Sasa siku yenyewe.

Nenda asubuhi kabla upepo haujaamka. Tafuta ufuko wa mchanga ulio wazi, mbali na matete na magugu maji, maana konokono wa kichocho hupenda kukaa humo. Waulize wavuvi kuhusu mamba, usimwulize mchungaji. Mtu mmoja atangulie kupapasa chini kwa miguu, mawe yetu ya Mwanza yana utelezi hata mahali unapoona mchanga. Maji yafike kati ya kiuno na kifua.

Habari ya nywele hutuletea kelele kila mara. Mwanamke Myahudi, hata leo, kabla ya kuzama huvua pete, hufuta rangi ya kucha na kuchana nywele, ili kitu kisikae kati ya mwili na maji. Mwongozo wa kale wa kanisa uitwao Mapokeo ya Mitume nao unawataka wanawake wafungue nywele na kuvua dhahabu kabla ya kubatizwa. Kwetu nimeamua hivi: wigi libaki nyumbani, kwa sababu nimeshaliona likielea kuelekea mitumbwini huku mwenyewe akiimba pambio. Rasta zisifumuliwe, sisi si marabi.

Kanzu nyeupe hujaa hewa ikapanda hadi kidevuni. Ifungwe mkanda kiunoni, na ndani yake avae kaptula na fulana nyeusi. Mwambie abane pua kwa mkono wake mwenyewe na akunje magoti. Anayekunja magoti anashuka vizuri. Aliyejikaza kama nguzo atakuangusha naye.

Kuna mgonjwa au bibi asiyeweza kushuka? Msibishane ufukweni. Didake, maandiko ya Wakristo wa mwanzo kabisa, inapenda maji yanayotembea, lakini inaruhusu maji mengine, hata ya moto, na yakikosekana ya kutosha inasema yamiminwe kichwani mara tatu.

Wakitoka wajifute upesi, wabadili nguo. Wiki chache baadaye wapeleke zahanati wapime kichocho. Na majina yaandikwe kitabuni palepale, kabla ubwabwa haujapakuliwa, maana ukishapakuliwa humpati mtu wa kukutajia hata tarehe yake ya kuzaliwa.