Vipele vinavyorudirudi mwilini: namna ya kutafuta chanzo hatua kwa hatua

Watu wengi wanaokuja kliniki na vipele visivyokwisha huja na mfuko mkononi. Mfukoni mna tyubu tatu nne za krimu, zote zimefunguliwa na zote zimetumika nusu. Ngozi yenyewe imeshakunwa na kupakwa mpaka kila kipele kinafanana na mwenzake. Ndiyo maana mimi sianzi na sura ya kipele. Huuliza kwanza kimetokea wapi, kinakaa muda gani, kinawasha saa ngapi, na nani mwingine nyumbani anajikuna. Fuata mpangilio huohuo hapa chini, na uandike unachokiona.

Kabla ya yote: kama midomo au ulimi umevimba, unapumua kwa shida, au ngozi imetoa malengelenge pamoja na vidonda mdomoni au machoni baada ya kuanza dawa mpya, funga ukurasa huu uende hospitali sasa hivi.

Hatua ya 1: Pumzisha krimu za kubahatisha

Krimu nyingi ambazo watu hushauriana kupaka zimechanganya steroidi, dawa ya bakteria na dawa ya fangasi. Steroidi hutuliza mwasho ndani ya siku chache, na mtu huona amepona. Kumbe kama ni choa, fangasi wanaendelea kutambaa chini kwa chini, na ile duara yake inayotambulika inapotea. Upele wa kuambukiza (skabi, unaoletwa na kidudu kidogo kinachochimba ngozi) nao hujificha vivyo hivyo. Acha ulizojinunulia kwa wiki moja ili ngozi irudi kwenye sura yake. Ila dawa uliyoandikiwa na daktari, au steroidi kali uliyoipaka kwa miezi, usiikatishe bila kumwuliza.

Hatua ya 2: Zungushia kalamu

Chagua kipele kipya, kile ambacho asubuhi hakikuwepo. Chora duara kukizunguka kwa kalamu ya wino na uandike saa pembeni. Rudi baada ya saa 24.

Ikiwa ndani ya duara ngozi ni laini kama hapakuwa na kitu, lakini vingine vimevimba mahali pengine, hiyo ni urtikaria. Vimbe zake huhama. Mtu anaweza kuwa nazo kwa miezi huku kila moja ikiishi chini ya siku moja. Zikizidi wiki 6, mara nyingi hakuna chakula cha kulaumiwa. Kinga ya mwili yenyewe ndiyo inayochokoza ngozi. Inaniuma kuona mtu ameacha samaki, mayai na nyama mwaka mzima bila nafuu, wakati angeweza kusaidiwa na vidonge vya mzio visivyoleta usingizi, vikitumiwa kila siku kwa maelekezo. Lakini uvimbe ukikaa zaidi ya siku moja, ukauma kuliko kuwasha, na ukaacha alama kama ya kuvilia damu, mwone daktari.

Kwenye ngozi nyeusi usitafute wekundu. Mulika tochi kutoka ubavuni, kisha pitisha vidole. Uvimbe utausikia kabla ya kuuona.

Hatua ya 3: Tazama kama kuna laika katikati

Chukua lenzi ya kukuzia, au piga picha ya karibu uikuze. Kama unywele unachomoza katikati ya kipele, tatizo liko kwenye tundu la unywele, nalo lina sura kadhaa.

Vyenye usaha na maumivu, hasa mapajani, makalioni au unaponyoa, mara nyingi ni bakteria. Vinavyotokea ndevuni au kinenani siku chache baada ya wembe, kwa mtu mwenye nywele za kipilipili, huwa ni nywele zilizojikunja na kurudi ndani ya ngozi. Hapo dawa ni kupumzisha wembe. Vidogo, vyenye ukubwa mmoja, vinavyowasha kifuani, mgongoni na mabegani, vifikirie fangasi wa jamii ya hamira. Dalili yake kubwa ni hii: ulimeza antibiotiki, vikazidi.

Halafu kuna ngozi inayokwaruza kama ya kuku aliyenyonyolewa, kwenye mikono ya juu na mapaja, haiwashi, na umekuwa nayo tangu utotoni. Huo si ugonjwa wa kuambukiza wala wa hatari. Losheni yenye urea huilainisha, na ukiacha kuipaka hurudi.

Hatua ya 4: Chunguza upele wa kuambukiza kwa makini

Hapa ndipo ninapoona makosa mengi. Angalia katikati ya vidole, viganjani, vifundo vya mikono, kwapani, kiunoni, kuzunguka kitovu, kwenye chuchu na sehemu za siri. Mwasho huzidi usiku. Ukiambukizwa mara ya kwanza, mwasho huchelewa wiki 4 hadi 6, kwa hiyo unapoanza kujikuna, kidudu kimeshatembelea watu wa karibu. Ukiambukizwa tena, unawashwa ndani ya siku 1 hadi 4.

Jaribu wino: pakaza kalamu ya wino juu ya kipele unachokishuku, kisha futa kwa pamba yenye spiriti. Kama kuna njia iliyochimbwa na kidudu, wino utabaki ndani yake, kijistari chembamba kilichopinda.

Tiba yake ni krimu ya permethrin ya asilimia 5: hupakwa kuanzia shingoni hadi vidoleni, mpaka chini ya kucha, ikae saa 8 hadi 14, na irudiwe baada ya wiki moja. Watoto wachanga na wajawazito wapate kwanza ushauri wa mhudumu wa afya. Wote wa nyumba moja wapake siku ileile, hata asiyewashwa. Nilimtibu mtoto mmoja mara tatu. Mama alipaka kila kitu nilichomwambia, akachemsha mashuka, akarudi analia. Nilipomwuliza nani hakupaka, akasema, “Baba yake, yeye hawashwi.” Tulipomtibu baba pamoja nao, vipele havikurudi.

Nguo na mashuka ya siku za karibuni fua kwa maji ya moto, au yafunge kwenye mfuko wa plastiki kwa wiki moja. Mwasho unaweza kuendelea wiki 2 hadi 4 baada ya tiba. Usipake dawa kila siku kwa hofu.

Hatua ya 5: Ondoa wadudu na joto kwenye hesabu

Alama zilizopangana mstari kwenye sehemu zisizofunikwa usiku zinaelekeza kwa kunguni. Kagua mishono ya godoro, tafuta madoa madogo meusi. Za kwenye vifundo vya miguu mara nyingi ni za viroboto. Harara hutokea penye jasho na nguo za kubana, na hutulia mwili ukipoa.

Hatua ya 6: Majipu yanayorudi palepale

Jipu moja ni jipu. Yakirudi tena na tena, pima sukari, na omba wapimwe bakteria wanaoishi puani. Vipele vya kuwasha sana vya mikononi na miguuni visivyopona kwa miezi ni sababu nzuri ya kupima VVU pia.

Ila kama vinundu vinarudi kwapani, kinenani au chini ya matiti, vinauma, vinatoboka na kuacha makovu ya kamba au vitundu vyeusi viwiliviwili, mtajie daktari jina hili: hidradenitisi. Wenye ugonjwa huu huambiwa kwa miaka kwamba hawaogi vizuri. Si uchafu, na hauambukizwi. Ukitambuliwa mapema, makovu hupungua.

Unapokwenda kliniki, beba picha ya kipele kikiwa kipya, saa ulizoandika, na zile tyubu zote kwenye mfuko wake. Zilizokwisha pia.