SOMO: Kufungua kabureta ya pikipiki ya zamani bila kuivunja

Wakuu, nimechoka kuandika jibu lilelile, kwa hiyo naliweka hapa mara moja. Linahusu kabureta (kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini) za Kijapani za miaka ya 1960 na 1970, zile zilizolala miaka mpaka petroli ikageuka gundi.

1. Funga koki, mwaga mafuta, chomoa kabureta. Piga picha kila unapofungua kitu.

2. Skrubu za bakuli, kile kikombe cha chini kinachotunza petroli. Zinafanana na nyota ya kawaida ila ni za kiwango cha Kijapani, JIS. Nyingi zina kidoa kichwani. Bisibisi nyota ya kawaida haizami vizuri, inapanda na kula kichwa. Tafuta ya JIS.

3. Skrubu ya mchanganyiko, ile inayorekebisha kiasi cha hewa na petroli. Kabla ya kuitoa, ikaze polepole ukihesabu mizunguko mpaka iguse tu, kisha andika. Ukiibana kwa nguvu, ncha inaharibika.

4. Boya, kile kinachoelea ndani ya bakuli. Hapa ndipo nilipolia. Boya linashikwa na pini nyembamba iliyopita kwenye vimiguu viwili vya bodi, yaani mwili wa kabureta. Pini yangu iligoma, nikachukua msumari na nyundo, nikagonga mara tatu. Ya tatu kimiguu kikakatika kama biskuti, maana ile ni aloi ya kumimina, haipindi. Nikatafuta bodi nyingine miezi minne.
Sasa fanya hivi: tazama pini pande zote mbili. Nyingi zina kichwa kidogo upande mmoja, kwa hiyo sukuma kutoka upande USIO na kichwa. Weka mafuta ya kulegeza kutu, acha usiku kucha. Ikigoma, pasha kwa mashine ya kukaushia nywele, baada ya petroli yote kukauka, na mbali na tangi. Shikilia kimiguu kwa koleo ili nguvu isikiendee chenyewe. USIGONGE kimiguu kikiwa hewani.

5. Jeti, vile vipande vidogo vya shaba vyenye tundu la kupitisha petroli. Toa kwa bisibisi bapa inayojaa mfereji, loweka kwenye dawa ya kusafishia kabureta, puliza kwa kompresa. Elekeza kwenye mwanga: tundu liwe duara safi.

6. Oringi na gasketi zote zitoke kabla ya kuloweka, dawa inazivimbisha. Kisha rudisha kinyume.

MASWALI

Kipara: Mkuu, jeti si nichokonoe tu na waya wa chuma?
— Hapana. Shaba ni laini, tundu litapanuka na pikipiki itakunywa mafuta.

Kipara: Hata kidogo?
— Hata kidogo. Chomoa uzi mmoja wa shaba kwenye waya wa umeme, tumia huo.

Mama Gia: Shikamoo fundi. Nimesafisha mara mbili, baada ya siku chache inaziba tena. Nakosea wapi?
— Marahaba. Hujakosea, mchawi ni tangi. Kutu ya ndani inashuka na mafuta. Toa koki, ziba tundu lake, jaza siki, acha siku moja au mbili, suuza kwa maji yenye magadi, kausha upesi na upake mafuta ndani, la sivyo kutu inarudi palepale. Kwenye mpira wa mafuta weka chujio.

Spana13: Nina BSA, pikipiki ya Kiingereza, ya miaka ya 1950. Spana ya 13 haiingii, ya 14 inacheza. Nati zimelika?
— Swali zuri sana! Hazijalika, ni Whitworth, kipimo cha zamani cha Kiingereza. Namba kwenye spana hizo hutaja unene wa bolti, si upana wa kichwa. Iliyoandikwa 1/4 mdomo wake ni kama milimita 13.3, ndiyo maana unahangaika. Nunua seti yake, usilazimishe.

Chuma Chakavu: Nimesoma nikiwa nimeshagonga. Kimiguu kimoja kimekatika.
— Pole kaka. Usitupe kitu. Toa jeti, boya, sindano na skrubu zote, weka kwenye kikopo chenye jina. Bodi utakayoipata huenda ikaja tupu.