Kupiga Hesabu za Duka kwa Python bila Kupoteza Senti

Muuza viungo wa Marikiti, hapa Mombasa, akipima iliki gramu mia mara tatu hupata kilo 0.3, wala hakuna wa kumbishia. Lakini ukiandika 0.1 + 0.1 + 0.1 katika Python au JavaScript, ambazo ni lugha za kuandikia programu za kompyuta, jibu hutoka 0.30000000000000004, na ukiuliza kama hilo ni sawa na 0.3, programu hukataa. Zote mbili huhifadhi desimali kwa kanuni ya IEEE 754 ya mwaka 1985, inayoiandika nambari kwa biti 64 za 0 na 1. Katika uandishi huo sehemu moja ya kumi haina mwisho, kama theluthi isivyo na mwisho tunapoiandika 0.333, kwa hiyo kompyuta huikata mahali na kubaki na kilicho karibu nayo tu.

Tofauti hiyo huanza kuuma pale unapoondoa desimali. Hesabu ya 19.99 * 100 hutoa 1998.9999999999998, na kwa kuwa int() hutupa chote kilicho nyuma ya nukta, shilingi 19 na senti 99 hugeuka senti 1998. Hata round(), inayokadiria desimali, si ya kuaminiwa kwa fedha: round(2.675, 2) hutoa 2.67 badala ya 2.68.

Kwa fedha, basi, hifadhi senti kama nambari kamili tangu bei inapoingizwa. Isome bei ikiwa bado maandishi, kisha andika int(Decimal("19.99") * 100), baada ya kuleta Decimal, inayohifadhi desimali jinsi ilivyoandikwa, kutoka moduli ya decimal iliyomo ndani ya Python. Usisahau alama za kunukuu, maana bila hizo Decimal hupokea nambari iliyokwisha kuharibika na kuihifadhi kwa uaminifu pamoja na kosa lake. Kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 itakuwa (senti * 16 + 50) // 100, ambapo // hugawanya na kutupa baki, na hiyo 50 ndiyo inayokadiria hadi senti iliyo karibu; kwa senti 1999 utapata 320. Katika JavaScript, badala ya //, gawanya kwa / ndani ya Math.floor, na nambari kamili hubaki salama hadi 9007199254740991, yaani zaidi ya shilingi trilioni 90, kiasi ambacho muuza iliki hatakifikia.

Uzito unaweza kubaki desimali, mradi ulinganishe kwa math.isclose() ya Python, inayovumilia tofauti ndogo sana, badala ya ==. Ukitaka kujua kama gunia limekwisha, linganisha na 0 na uongeze abs_tol=0.0001, yaani tofauti ya kuvumiliwa, kwa kuwa 0.3 - 0.1 - 0.1 - 0.1 huacha -2.7755575615628914e-17, nambari ndogo mno iliyo chini kidogo ya sifuri, na bila nyongeza hiyo isclose haikubali kwamba hicho ni sifuri.