Moto Umezimwa kwa Jirani: Kagua Masizi Kabla ya Kufuta

Ukiwa mpangaji wa ghorofa Marekani, moto wa jirani unaweza kuzimwa bila kufika mlangoni kwako, ukabaki na harufu tu. Usishukuru mapema. Moshi hupenya kwenye matundu ya mabomba, soketi na mifereji ya hewa, na harufu ikiisha masizi hubaki palepale.

Kwanza zima kiyoyozi na kipasha joto, kwa sababu feni zake husambaza masizi vyumba vyote. Vaa barakoa ya N95 na glavu, upige picha kila chumba na ndani ya makabati kabla hujasogeza kitu.

Chukua vitambaa vyeupe vya pamba, vikavu. Futa mara moja tu juu ya fremu ya mlango, nyuma ya friji, ndani ya kabati la nguo na kwenye tundu la hewa. Kila mahali kitambaa chake, kitie kwenye mfuko wa plastiki, andika mahali na tarehe. Kijivu chepesi huenda ni vumbi la kawaida. Cheusi kinachopakaa kama wanja ni dalili ya masizi. Uthibitisho hutoka maabara, kwa hadubini. Angalia na pembe za dari: nyuzi nyeusi zinazoning'inia huko mara nyingi si utando wa buibui, ni masizi yaliyoshikana. Moshi wa nyama iliyoungua ndio mgumu kuuona, maana huacha utando mwembamba wa manjano wenye harufu kali.

Plastiki ya PVC ikiungua hutoa asidi inayokula chuma. Televisheni iliyoingia moshi usiichomeke mpaka fundi aikague.

Kosa kubwa kuliko yote ni kufuta kwa maji. Masizi yana mafuta; ukiyalowesha yanazama kwenye rangi ya ukuta. Tumia sifongo kavu ya mpira ya kuondolea masizi.

Unga wa ugali wa mfuko wa karatasi, viungo vilivyofunguliwa na dawa, vyote ni vya kutupa, ila baada ya kuvipiga picha na kuandika bei. Nyumba ya kabla ya 1978 huenda ina rangi yenye madini ya risasi (lead), ambayo ni sumu. Hapo jivu lipimwe.

Bima ya mwenye nyumba hailipii vitu vyako. Inayolipa ni ya mpangaji. Usitie saini kwamba madai yamekwisha kabla ya kufuta tena palepale, baada ya usafi, na kitambaa kikatoka cheupe.