Geuza galoni usome mgongo: oili ya Impreza yenye tabo kwa joto la Dar

Injini ya kwanza ya Subaru Impreza WRX yangu ilinoki karibu na Mlandizi ikiwa na oili ghali kuliko zote nilizowahi kununua. Fundi alipofungua nati ya chini zilitoka lita mbili hivi, mahali panapokaa lita nne na kidogo. Nyingine injini ilikuwa imezila polepole ndani ya kilomita elfu tatu, na mimi sikuvuta kijiti cha oili hata siku moja. Nilijiambia oili ya bei ile haiwezi kuniangusha. Beringi ya konrodi ilikuwa imekwanguka hadi shaba inaonekana.

"Bosi," fundi akaniambia huku akifuta mikono, "oili nzuri iliyobaki dukani haikusaidii."

Tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa kugeuza galoni. Upande wa mbele una picha ya gari la mashindano na maneno makubwa, na upande wa nyuma, kwa herufi za kusomea miwani, ndiko kulikoandikwa unachonunua. Mimi ni mhasibu, gereji naenda kama mteja, lakini kusoma maandishi madogo ndiyo kazi yangu.

Gari langu ni la 2003, injini EJ205, sentimita za ujazo 1994, silinda nne zilizolala ubavu, mbili kila upande, na tabo juu yake, yaani kipulizio kinachosukuma hewa zaidi ndani ya silinda. Nikitaja namba, natajia injini hiyo na ndugu zake wa Forester na Legacy za miaka hiyo. Kwa gari lingine fuata hatua zilezile, lakini namba zako zitoke kwenye kitabu cha gari lako.

Na hapo ndipo pa kuanzia, kitabu. Magari yetu mengi yanashuka bandarini na kitabu cha Kijapani, kama kimo kabisa. Usikitupe. Hata usiposoma herufi moja, ukurasa wa oili utaujua, kwani 5W-30 imeandikwa hivyohivyo. Hiyo ndiyo oili ambayo Subaru waliipendekeza kwa injini hii. Ila vitabu vya Subaru vya miaka hiyo vilivyoandikwa kwa soko la Marekani vinaongeza jambo: kwa maeneo ya jangwa, joto kali au kuvuta mzigo, unaruhusiwa kupanda hadi oili nzito zaidi. Watengenezaji wenyewe walijua kwamba gari moja linaweza kuishi Hokkaido kwenye theluji na lingine Kimara.

Sasa namba. W ni ya majira ya baridi ya Wazungu. Oili ya 5W hupimwa kama injini itaweza kuizungusha kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri, 10W kwenye 25 chini ya sifuri, 20W kwenye 15 chini ya sifuri. Hata Makete mwezi wa saba, barafu ikiwa imelala juu ya majani, hatufiki huko. Ndiyo maana utasikia watu wakisema namba ya kwanza haina kazi Tanzania. Inayo. Injini ikilala usiku, asubuhi oili iko kwenye nyuzi 26 hivi, na kwa joto hilo 20W-50 ina mnato, yaani uzito wa kutiririka, wa karibu mara mbili ya 5W-40. Sekunde zile za kwanza, kabla oili haijapanda hadi kwenye tabo, ndizo ambazo vyuma husuguana vikavu. Ninataka oili inayowahi.

Namba ya pili ndiyo mnato injini ikiwa imechemka, kwenye nyuzi 100. Oili ya 30 iko kati ya 9.3 na chini ya 12.5, kwa kipimo cha sentistoki. Ya 40 inaanzia 12.5 na haifiki 16.3. Kwa hiyo galoni mbili zote zimeandikwa 40, moja ikawa 12.7 na nyingine 14.5, na huwezi kujua kwa kuangalia rangi. Kampuni zinazojiheshimu huweka karatasi ya vipimo vya kila oili kwenye tovuti zao. Inachukua dakika tatu kuitafuta ukiwa umesimama dukani.

Kwa nini mimi nimeishia 40? Kwa sababu ya mlima wa Kitonga, njia ya Iringa. Baada ya injini ya pili kufungwa niliweka geji mbili, ya joto la oili na ya presha. Kwenye lami ya kawaida joto linakaa 95. Kitonga unapanda nyuma ya lori lililobeba saruji, kasi ya mtu anayetembea kwa haraka, upepo hakuna, tabo inapuliza. Nikiwa na 5W-30 joto lilifika 121, na niliposimama juu kupoza injini, presha kwenye sailensa, yaani injini ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta, ilikuwa baa 0.7. Kitabu cha ufundi cha injini hizi kinataka kilopaskali 98, yaani karibu baa moja, injini ikizunguka mara 600 kwa dakika na oili ikiwa nyuzi 80. Oili yangu ilikuwa na joto zaidi ya hapo, kwa hiyo kulinganisha moja kwa moja si haki, lakini sikupenda nilichokiona. Safari iliyofuata, mlima uleule, 5W-40: baa 1.1. Nikatulia.

Kuna kipimo kingine ambacho kwa gari la tabo nakithamini kuliko hata hiyo 40 yenyewe. Ni mnato kwenye nyuzi 150 huku oili ikiwa inabanwa kati ya vyuma kwa kasi, jinsi inavyobanwa ndani ya beringi. Kwenye karatasi ya vipimo utakiona kwa herufi nne, HTHS. Tafuta 3.5 au zaidi. Usipokiona, tafuta mgongoni mwa galoni maandishi ACEA A3/B4, alama ya chama cha watengenezaji magari wa Ulaya, kwa sababu oili yenye alama hiyo lazima iwe imefika 3.5. C3 ya ACEA nayo inafika, ila imetengenezwa kwa kuyafikiria magari yenye chujio la masizi kwenye ekzosi. EJ205 haina chujio hilo, kwa hiyo nachukua A3/B4 bila kuumiza kichwa.

Alama ya API, taasisi ya petroli ya Marekani, ni rahisi zaidi. Inaanza na S kwa injini za petroli, na herufi inayofuata inasogea mbele kadiri miaka inavyokwenda: SN ilikuja 2010, SP ikaja 2020. Kwa injini yangu SN inatosha na SP ni nzuri. Lakini ukiwa na Subaru mpya zaidi, zile za FA20 ambazo petroli inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, usikubali chini ya SN Plus au SP. Injini za namna hiyo zina ugonjwa wa petroli kuwaka kabla ya wakati ukikanyaga mafuta kwenye mzunguko mdogo, na mlipuko mmoja wa hivyo unaweza kupasua pistoni. Oili za zamani zilichangia tatizo hilo. Na kwa FA20 usiige 40 yangu, fuata kitabu.

Watu wa 20W-50 nawajua, wengine ni marafiki zangu. Wanasema nzito ndiyo inalinda. Kwenye injini iliyochakaa inapunguza kelele kweli, na ndiyo maana gari linalouzwa haraka huwa limewekewa hiyo. Ukienda kununua Subaru yenye tabo, omba kuiwasha ikiwa imepoa kabisa, na uliza oili iliyomo. Kigugumizi cha muuzaji nacho ni jibu.

Kuhusu neno sintetiki linaloandikwa kwenye galoni (kamusi inasema sanisi, ila ukiagiza oili sanisi Kariakoo utaangaliwa kama mwalimu wa sarufi): halina uzito uleule kila mahali. Mafuta ya msingi yamegawanywa makundi matano. Kundi la 3 ni mafuta ghafi yaliyosafishwa kwa nguvu sana kwa haidrojeni, la 4 limejengwa kiwandani kutoka gesi ya ethilini, la 5 ni mengineyo, wakiwamo esta. Marekani Mobil waliwalalamikia Castrol kwa kuliita Kundi la 3 sintetiki, na mwaka 1999 chombo cha kusimamia matangazo kikaona Castrol hawana kosa. Ujerumani hawalegezi hivyo. Je, Kundi la 3 ni baya? Hapana, natumia. Oili ya Kundi la 3 yenye A3/B4 imefaulu mtihani uleule. Esta nimewahi kuziweka, injini ililia kwa utulivu, na mfuko wangu ukalia zaidi. Kwa gari la barabarani linalomwagwa oili kila mara, sioni sababu.

Wapo pia wanaosema sintetiki inavujisha sili. Inachofanya ni kusafisha uchafu uliokuwa umeziba sili iliyokwisha kufa. EJ huvujia kwenye gasketi za vifuniko vya valvu, oili inadondokea ekzosi, unasikia harufu ya kuungua ukiwa kwenye foleni. Badilisha gasketi. Na ukiwa hapo mwambie fundi aangalie kichujio kidogo cha wavu kwenye bolti ya bomba linalopeleka oili kwenye tabo, kama lako linacho. Kikiziba kwa tope, tabo inakufa hata kama injini imejaa oili bora duniani.

Feki. Hapa ndipo nilipoumia mara ya pili. Duka silitaji. Galoni ilikuwa nzuri, sili nzima, bei ya chini kidogo kuliko kwingine, nami nikajiona mjanja. Kilomita 1,500 baadaye presha ya sailensa ikawa inashuka kuliko hata ya 5W-30. Sasa nina taratibu zangu. Nanunua kwa msambazaji au kituo cha mafuta chenye jina lake, natafuta alama ya TBS, shirika letu la viwango, nalinganisha namba ya toleo ya kwenye galoni na ya kwenye boksi, nadai risiti. Nikifungua, najaza chupa ndogo ya kioo na kuibandika tarehe. Galoni inayofuata ya aina ileile ikiwa na rangi au harufu tofauti, nairudisha nikiwa na ushahidi mkononi. Galoni tupu naitoboa kwa msumari mara tatu kabla haijatoka gereji, kwa sababu wanaojaza feki hununua makopo yetu wenyewe. Vijana wa makopo hawanipendi kabisa.

Kumwaga oili, nakwenda kilomita 5,000, hata kama galoni inaahidi 10,000. Ahadi hiyo haijui foleni ya Kimara. Nikitoka Posta jioni mbaya, injini inazunguka saa mbili na geji ya kilomita inasogea 18. Petroli isiyoungua vizuri inachuruzika kwenye oili na kuipunguzia mnato. Nusa kijiti: kikinuka petroli, usingoje hata hizo 5,000. Weusi peke yake usikutishe, oili inayosafisha lazima ichafuke.

Na kijiti chenyewe. Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya kuwasha, gari likiwa mahali tambarare. Kijiti cha Subaru kinapaka oili ovyo, upande mmoja utaonyesha imejaa na mwingine imepungua, basi amini upande unaosoma chini. Kutoka alama ya juu hadi ya chini ni kama lita moja. Mimi huongeza ikifika katikati, kwa oili ileile, kutoka chupa ya lita moja ninayoitembeza kwenye buti imefungwa kwa kitambaa. Mke wangu aliwahi kuiona akaniuliza kama gari lina mtoto mchanga. Wiki iliyopita nimeongeza robo lita.