Sukari ikianza kupanda, anza na sahani

Ukipima sukari ya damu asubuhi kabla hujala ukakuta 6.1 mpaka 6.9 (kipimo cha mmol/L) bado hujafika kwenye kisukari ila uko njiani, hapo ndo pa kukomaa. Ugali usiache, we punguza tu, nusu sahani iwe mchicha, robo maharage au samaki, robo inayobaki ndo ugali tena wa dona. Soda kata kabisa, na juisi pia jamani, nyuzinyuzi zote umeshazichuja. Ukishakula usikimbilie kochi, tembea dakika 15 hivi, kwa wiki zifike 150. Kwenye mashine ya sukari toboa pembeni ya ncha ya kidole, katikati panauma, na mikono osha kwanza ukaushe, ukitoka kumenya embe namba itakudanganya. Namba zako ziandike, uende nazo kliniki.